Faili Liko kwa Serikali, Ushahidi Anadaiwa Mzee

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari Waafrika waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao ya Vita Kuu ya Kwanza. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Kisa hicho, ambacho wanahistoria wamekirudia mara nyingi, kinasema ni wachache mno waliokuwa na cheti walichopewa na kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare. Ofisa wa benki aliyekuja na fedha akapata wazo. Kila mzee aliitwa mbele, akakabidhiwa ufagio badala ya bunduki, kisha akapewa amri za gwaride kwa Kijerumani. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu vita kwisha. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Huenda kisa hiki kimetiwa chumvi kidogo njiani. Hata hivyo, uamuzi ulio ndani yake ni wa kuangaliwa kwa makini. Ofisa yule angeweza kusema, "Nendeni mkalete vyeti." Asingevunja utaratibu wowote, na fedha zingerudi zilikotoka. Badala yake alikubali kwamba karatasi zimepotea lakini watu wapo, na kwamba kuwatambua kwa njia nyingine ni kazi ya ofisi.

Kwa Tanzania ya leo, kizazi kinachohitaji ofisi yenye moyo wa namna hiyo ni cha Vita vya Kagera. Kijana aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1978 sasa ni mzee wa karibu miaka 70. Wengi wa rika lake wameshatangulia, na makamanda wao vilevile: Jenerali David Musuguri, aliyeongoza askari kuelekea Kampala, alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Waliobaki wametapakaa vijijini. Baadhi yao wamebeba bahasha za kaki zenye nakala zilizochoka, wakiomba jambo dogo kwa kulitamka na kubwa kwa kulitekeleza: kumbukumbu zao za utumishi jeshini zisahihishwe.

Tazama Ihumwa. Kata hii ya Jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, siku hizi inatajwa zaidi kwa sababu ya bandari kavu yake na ujirani wake na Mji wa Serikali wa Mtumba. Wizara ambazo zamani mzee wa Ugogo alizifuata Dar es Salaam, akilala njiani na kuomba hifadhi kwa ndugu, sasa ziko mwendo wa bodaboda kutoka mlangoni pake. Makao makuu ya ulinzi wa taifa yako Kikombo, upande huohuo wa mashariki ya jiji. Maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai, yamekuwa yakifanyika kwenye uwanja wa Mashujaa pale Mtumba, ambako Rais huweka mkuki na ngao, na mzee wa Tanzania Legion, chama cha askari wastaafu, huweka shoka. Kwa kilomita, Serikali haijawahi kuwa karibu na askari mzee wa Dodoma kama ilivyo leo.

Umbali uliobaki ni wa masjala.

Makosa kwenye kumbukumbu hizi hayakutokana na hila ya mtu. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, na katika wiki chache jeshi lililokuwa na askari chini ya 50,000 likavuka 100,000, likichota mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa JKT kutoka kila mkoa. Kuandikisha watu wengi kiasi hicho kwa muda mfupi kiasi hicho, kwa kalamu na taipureta, ni kazi isiyoweza kukosa kasoro. Karani wa kambi alisikia jina, akaliandika alivyolisikia, akaita mwingine.

Sasa tuchukue mzee wa mfano, asiye fulani wala fulani, anayebeba kasoro zote zinazoweza kutokea. Jina lake la Kigogo linaanza na "Chi", lakini karani aliyezoea Kiswahili cha pwani akaandika "Ki". Jina la baba yake lina "Nh" mwanzoni. Kwenye kadi "h" imepotea. Namba yake ya jeshi, ile inayoanza na MT, imenakiliwa mara tatu katika maisha yake, na safari moja tarakimu mbili zimepishana. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu katika Ugogo ya miaka ya 1950 kilikuwa nadra, kwa hiyo ukaandikwa mwaka wa kukadiria. Kijiji alichokitaja ni kile cha zamani, ambacho watu wake walihamishwa wakati wa Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kupangwa katika kijiji cha ujamaa chenye jina jingine. Wilaya iliyoandikwa ni Dodoma Vijijini, ambayo mwaka 2007 iligawanywa kuwa Chamwino na Bahi.

Hakuna hata kosa moja hapo alilolifanya yeye. Lakini akisimama dirishani mwaka huu na kitambulisho cha NIDA mkononi, mtu aliye kwenye kitambulisho na mtu aliye kwenye faili ni watu wawili.

Hizo bado ni kasoro za jina na mahali. Ziko nzito zaidi. Askari aliyejeruhiwa na kukimbizwa hospitali ya nyuma huku kikosi chake kikisonga mbele anaweza kuitwa kwenye orodha ya asubuhi asijibu. Kama taarifa ya hospitali haikufika kwa sajini wa kombania, ameandikwa hayupo, na neno hilo, likivuka daftari mbili tatu, linaweza kuishia kuwa utoro. Mwingine aliandikwa kwa kambi aliyofunzwa, si kwa kikosi alichopigana nacho. Mwingine alipandishwa cheo uwanjani na kuitwa koplo na wenzake wote, ila amri ya maandishi ikabaki kwenye begi la ofisa ambaye hakurudi.

Yapo pia matatizo yaliyotokana na jeshi lenyewe kubadilika. Musuguri aliingia King's African Rifles mwaka 1942, akapitia Tanganyika Rifles, kisha JWTZ, akafika kuwa Mkuu wa Majeshi. Hayo ni majeshi matatu katika maisha ya mtu mmoja. Jeshi la pili kati ya hayo lilivunjwa kufuatia maasi ya 20 Januari 1964, na JWTZ ikaundwa 1 Septemba mwaka huohuo. Kwa jenerali, miaka hiyo inaunganishwa na historia ya nchi. Kwa koplo, kila mpaka kati ya jeshi na jeshi ni mahali ambapo faili linaweza kukatika.

Mtu anaweza kuuliza: herufi moja ina uzito gani kwa mzee wa miaka 70? Uzito wake uko kwenye fedha kwanza. Pensheni ya askari hulipwa na Hazina, na Hazina hufanya uhakiki wa wastaafu inaowalipa, kama inavyopaswa kufanya. Majina yasipolingana, malipo husimama. Miaka ya utumishi ikipunguzwa kwa kosa la tarehe, kiinua mgongo hupungua, na pensheni ya kila mwezi hupungua nacho hadi mwisho wa maisha. Mzee akifariki kabla ya kusahihisha, kosa linarithiwa. Mjane anakwenda mahakamani kufungua mirathi akiwa na cheti cha kifo chenye jina moja, cheti cha ndoa chenye jina la pili, na kadi ya jeshi yenye jina la tatu. Anaambiwa akaape. Anaapa. Anaambiwa kiapo kimoja hakitoshi.

Kisha kuna heshima. Mgambo aliyerudi shambani baada ya vita huenda hadai pensheni ya askari wa kudumu. Anachodai kinaweza kuwa ni jina lake liandikwe sawasawa, kikosi chake kitajwe, na kama alistahili nishani aipate akiwa hai. Kwa mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Mutukula hadi Kampala, hilo si dai la anasa.

Jeshi lina majibu yake, na ni ya haki kuyasikiliza. La kwanza ni udanganyifu. Tarehe 28 Aprili 2017, hapahapa Dodoma, katika ukumbi wa Chimwaga wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyoonyesha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Nchi iliyopitia hilo haiwezi kumwambia ofisa wa jeshi amwamini kila anayekuja na hadithi ya vita. Wapo watakaojaribu kuvaa utumishi wa marehemu kaka zao. Wapo watakaoongeza miaka. Jibu la pili ni usiri: kumbukumbu za jeshi haziwezi kuwekwa mezani kama daftari la mahudhurio ya shule.

Majibu yote mawili yana ukweli, na hakuna kati ya hayo linalohalalisha hali ya sasa ambapo mzee anabeba mzigo mzima wa ushahidi peke yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila halikukaa kwa mwenye mali. Aliyeandika jina ni karani wa Serikali. Aliyehifadhi kadi ni Serikali. Orodha za malipo, vitabu vya amri, daftari za wagonjwa na taarifa za vikosi viko mikononi mwa Serikali. Mzee hana ruhusa ya kuingia masjala kuvitafuta, na pengine hajui kama vipo. Halafu yeye ndiye anayeagizwa athibitishe kwamba kilichoandikwa humo si sahihi. Katika shauri lolote la haki, upande wenye nyaraka ndio unaotakiwa kuzitoa.

Hofu ya udanganyifu nayo ina dawa yake, na dawa hiyo haianzi kwa kufunga mlango. Mtu aliyekuwa vitani Lukaya, Uganda, usiku wa 10 Machi 1979 anajua mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vya shule. Anajua barabara iliyopita katikati ya bwawa. Anajua jinsi Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo, ilivyotawanyika ilipokutana ghafla na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, na jinsi Brigedi ya 208 ilivyozunguka na kupiga kwa nyuma alfajiri iliyofuata. Anamjua mpishi wa kombania yake kwa jina la utani. Maofisa wawili wastaafu wenye uzoefu wa vita hivyo, wakikaa naye saa moja na kumuuliza taratibu, watamjua mkweli na mwongo upesi kuliko mhuri wowote. Na wenzake watatu wa kombania, wakihojiwa kila mmoja peke yake, ni ushahidi ambao mahakama zetu huupokea kila siku katika kesi za ardhi.

Nchi nyingine zimeshayapitia haya. Usiku wa 12 Julai 1973 moto ulizuka katika kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi karibu na St. Louis, Marekani, na kuteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Takriban asilimia 80 ya kumbukumbu za askari wa nchi kavu walioachishwa jeshi kati ya 1912 na 1960 ziliungua. Marekani ingeweza kuwaambia askari hao kwamba faili limeungua na mambo yamekwisha. Badala yake kituo kilianza kujenga upya mafaili kutoka vyanzo vya pembeni: hati za malipo, taarifa za asubuhi za vikosi, kumbukumbu za hospitali. Mwaka 1991 mahakama inayoshughulikia madai ya askari wa zamani iliamua kwamba pale kumbukumbu zilipopotea mikononi mwa Serikali, Serikali ina wajibu mkubwa zaidi wa kueleza sababu za uamuzi wake na kuzingatia kwa makini kanuni ya kumpa mwombaji nafuu ya shaka.

Mbali na moto huo, nchi hiyo ina bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, zilizotokana na sheria ya mwaka 1946. Wanaokaa humo ni raia, si makamanda. Mwombaji hujaza fomu moja, bila malipo. Muda uliowekwa ni miaka 3 tangu kosa kugunduliwa, lakini bodi inaweza kuuachilia kwa ajili ya haki, na warithi wanaruhusiwa kuomba. Hakuna anayedai kuwa njia hiyo ni nyepesi. Huko pia mwombaji hutakiwa kuonyesha kosa, na wengi hukataliwa. Tofauti ni kwamba anajua mlango ulipo, anajua nani yuko nyuma yake, na akikataliwa anapewa sababu kwa maandishi.

Historia ya nchi hiyo inaonyesha pia gharama ya kuchelewa. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza jeshini askari weusi 167 bila kesi kutokana na ufyatuaji wa risasi huko Brownsville, Texas. Rekodi zao zilisafishwa mwaka 1972. Dorsie Willis, mmoja wa wachache sana waliokuwa bado hai, aliishia kulipwa dola 25,000, baada ya maisha ya miongo mingi akiwa na doa lisilo lake. Novemba 2023 jeshi la Marekani lilifuta hukumu za askari weusi 110 wa kikosi cha 24 kilichohusishwa na ghasia za Houston mwaka 1917. Wanaume 19 kati yao walikuwa wamenyongwa. Waliopokea habari hiyo ni vizazi vyao.

Uingereza nayo ina deni lililo karibu zaidi na Ihumwa. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Sanamu ya Askari iliyosimikwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927 inawaenzi wote kwa jumla, bila jina la yeyote.

Wagogo walilipa sehemu yao ya vita hivyo. Dodoma ilitwaliwa na majeshi ya upande wa Uingereza 29 Julai 1916. Kabla na baada ya hapo, Wajerumani kisha Waingereza walichukua wanaume kwa maelfu kuwa wapagazi, wakachukua ng'ombe na nafaka. Mvua zilipokosekana ikaja njaa ya 1917 hadi 1920, ile ambayo Ugogo inaikumbuka kwa jina la Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox ameandika kwamba watu wapatao 30,000 walikufa kati ya 150,000 waliokuwa katika eneo hilo. Wapagazi waliotoka hapa wakafia Rufiji au Iringa hawakuandikwa majina, au waliandikwa na daftari zikaachwa zioze. Leo hata mwenye nia njema kabisa London hawezi kuwasahihisha, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Hata walioandikwa vizuri waliandikwa kwa mizani mbili. Nyaraka zilizoibuliwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili askari mzungu wa cheo cha chini aliyeishi makoloni ya Afrika alipewa kiinua mgongo cha shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, ilhali Mwafrika wa cheo hichohicho alipata shilingi 3 na nusu. Wanaume wapatao 87,000 wa Tanganyika walitumikia vita hivyo, baadhi wakifika Madagascar na Burma. Mwaka 2018 Uingereza ilitenga karibu pauni milioni 12 kuwasaidia chakula askari wazee na wajane wa enzi za ukoloni katika nchi za Jumuiya ya Madola. Wengi waliostahili walikuwa wamekwishazikwa.

Tanzania haina sababu ya kungoja hivyo. Watu wa kuulizwa bado wapo, na sheria za kuanzia zipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zenye makosa zisahihishwe na yule anayezihifadhi. Ina misamaha kwa masuala ya usalama wa taifa, na ni sawa iwe nayo. Lakini herufi iliyokosewa katika jina la mgambo wa 1978 si siri ya ulinzi. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 nayo imeweka miaka 30 kuwa kipimo cha kawaida cha kufungua kumbukumbu za umma. Vita vya Kagera vilikwisha Juni 1979. Kwa hesabu yoyote, muda huo umepita.

Kinachopungua ni njia moja, iliyoandikwa, inayojulikana hadi kwenye kata. Kila wilaya ina mshauri wa mgambo, ofisa wa jeshi anayekaa karibu na wananchi. Huyo awe mpokeaji. Fomu iwe ya Kiswahili, ya kurasa mbili, ipatikane kwake na kwa mtendaji wa kata, bure. Ieleze kosa ni lipi, usahihi ni upi, na mwombaji ana nini cha kuonyesha: kadi, picha, barua, kovu, majina ya wenzake. Mwombaji apewe stakabadhi yenye namba na tarehe siku hiyohiyo, ili akirudi asianze upya kujieleza kwa karani mwingine.

Maombi yaende kwa jopo lisilo la jeshi peke yake. Jeshi liwemo, kwa kuwa ndilo lenye mafaili. Hazina iwemo, kwa kuwa ndiyo inayolipa. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iwemo, kwa kuwa inajua kutafuta karatasi ya zamani bila kuiharibu. Wazee wa Tanzania Legion wawemo, kwa kuwa wanajua kuuliza maswali ambayo tapeli hana majibu yake. Mwenyekiti awe mtu wa sheria. Kwanza jopo litafute nyaraka lenyewe, ndipo limuulize mzee ana nini cha kuongeza. Pale orodha za Serikali zilipopotea, lisikilize mashahidi. Atakayethibitika kudanganya kwenye kiapo afikishwe mahakamani. Kanuni ya Adhabu ina vifungu vya kutosha.

Jibu litoke kwa maandishi ndani ya siku 90, na sababu zake. Mjane na watoto waruhusiwe kuomba kwa niaba ya marehemu. Waliovuka miaka 75 wasikilizwe kwanza, na asiyeweza kusafiri jopo limfuate, au mshauri wa mgambo amhoji nyumbani na kumrekodi kwa simu.

Gharama? Mafaili ya vita moja iliyodumu miezi saba hayahitaji wizara mpya. Yanahitaji makarani wachache, vyombo vya kuyageuza kuwa ya kidijitali, na maofisa wastaafu ambao wengi wangekubali kazi hiyo kwa posho ya kawaida. Serikali iliyoweza kuhakiki vyeti vya watumishi nchi nzima ili kuwapata wadanganyifu inaweza kufanya uhakiki wa upande wa pili, wa kuwapata wakweli walioandikwa vibaya.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kila mwaka kuanzia Aprili hadi Juni, na makadirio ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa husomwa humo. Mbunge yeyote wa mkoa huu anaweza kusimama na kumuuliza Waziri maswali matatu yanayojibika kwa tarakimu: ni maombi mangapi ya kusahihisha kumbukumbu za utumishi yaliyopokelewa kutoka kwa askari wastaafu, mgambo wa Kagera na wajane wao katika miaka mitano iliyopita, mangapi yamejibiwa kwa maandishi, na waliokataliwa waliambiwa wakate rufaa wapi.